Stempu iliyomega uwanja wa jirani

Nina kipande cha stempu tatu ambazo hazijatenganishwa tangu zitoke posta. Ni za Marekani, senti mbili, nyekundu, zina kichwa cha George Washington, za ule ukoo ulioanza kuchapwa 1908 ambao wakusanyaji tunauita Washington-Franklin. Ukizipima kwa rula, ya kushoto ina upana wa milimita 20, ya katikati 23, ya kulia 20. Picha yenyewe ni kama milimita 19 kwa zote tatu. Ya katikati imezungukwa na weupe mpana kila upande. Majirani zake, vitundu vya kuchania vimewagusa hadi kwenye mstari wa picha.

Hiyo ya katikati ndiyo Wamarekani wanayoiita jumbo. Sikio la Mswahili husikia "jumba", na wala halijakosea sana: nyumba imepanuka, mwenye nyumba ni yuleyule.

Wageni wengi hupotea hapo. Kuna stempu za ukoo huohuo ambazo picha yake ni kubwa kweli, kwa sababu bamba la chuma la kuchapia lilipindwa ili likae kwenye mtambo wa kuzunguka, na chuma kikipindwa picha hurefuka upande mmoja. Hiyo ni toleo lingine kabisa. Kwa hiyo pima picha kwanza, karatasi baadaye.

Jumbo huzaliwa kwenye kutoboa. Mtambo wa kutobolea ulikuwa na magurudumu membamba yenye sindano, yamepangwa kwenye mhimili mmoja. Karatasi inapita, inatobolewa mistari ya upande mmoja, kisha inatobolewa ya upande wa pili. Gurudumu moja likikaa nje ya mahali pake kwa milimita moja tu, safu nzima inapanuka kutoka juu hadi chini, na safu ya jirani inabanwa kwa kipimo hichohicho. Hakuna karatasi iliyoongezeka.

Lakini si kosa la fundi peke yake. Karatasi ilichapwa ikiwa na unyevu ili ivute wino kutoka kwenye mikato ya bamba. Ikikauka hunywea, tena hainywei sawasawa, basi magurudumu yaliyopangwa vizuri asubuhi hayalingani na karatasi ya mchana. Wachapaji wa serikali kule Washington walihangaika na tatizo hilo. Walitengeneza mabamba yenye nafasi ya milimita 3 badala ya 2 kwenye safu za pembeni. Mwaka 1909 wakajaribu karatasi iliyochanganywa na matambara, ikatoka na rangi ya kisamawati, na leo hiyo karatasi ya majaribio ndiyo inayotafutwa kwa fedha nyingi.

Njia yangu ya haraka ya kukagua ni kuhesabu meno, yale yanayobaki ukingoni stempu ikichanwa kwenye vitundu. Tangu Mfaransa Legrand mwaka 1866, kipimo ni idadi ya vitundu ndani ya sentimita 2. Stempu ya kipimo cha 12 iliyopanuka kwa milimita 2 inatakiwa iwe na jino moja zaidi kwenye ukingo wa juu. Kama haina, kuna mkono wa mtu.

Na mikono ipo. Mabamba yalikuwa na stempu 400, karatasi ikakatwa vipande vinne vya 100, kwa hiyo stempu zilizo kwenye mkato zina upande mmoja usio na meno. Upande huo mara nyingi ni mpana, na mtu mjanja huutoboa upya ili stempu ionekane jumbo. Mimi mwenyewe nilishauziwa moja. Niliigundua usiku, chini ya lenzi: ncha za meno upande wa kulia zilikuwa laini kama zimekatwa kwa wembe, wakati za kushoto zilikuwa na nyuzinyuzi za karatasi iliyochanwa.

Kinachoniuma zaidi ni kinyume chake. Jumbo halali hukatwa meno ya pande mbili ili iuzwe kama stempu ya roli, ambayo pande mbili hazina meno, kwa kuwa baada ya mkasi bado inabaki na pambizo la kutosha kudanganya jicho.

Bei nayo imechangia. Kampuni ya PSE ya Marekani, inayotoa alama hadi 100 kwa ubora, huongeza herufi J kwa zilizopanuka, na herufi hiyo moja hupandisha bei.

Juzi mtu aliniomba nimtenganishie ile ya katikati. Nimekataa. Wale wawili waliobanwa ndio ushahidi wake.