Lebo katika utafiti: ni nini, na huchujaje washiriki?

Lebo ni neno fupi linalobandikwa kwenye taarifa ili siku ya kuitafuta ionekane upesi. Muuza viungo ana makopo yanayofanana. Kinachomwonyesha iliki iko wapi na binzari iko wapi ni kikaratasi kilichobandikwa kwa nje.

Kwenye kompyuta lebo ina faida moja zaidi. Utafiti wa malaria kwa watoto wa Korogwe ungeuweka kwenye folda gani: ya malaria, ya watoto au ya Tanga? Folda hukulazimisha uchague moja. Lebo unabandika zote tatu, na utafiti ule ule unapatikana kwa njia yoyote utakayoujia.

Washiriki nao hubandikwa lebo: umri, jinsia, kijiji, chanjo alizopata. Kuwachuja ni kuunganisha lebo hizo kwa maneno "na", "au" na "isipokuwa". Mathalani: wajawazito na wakazi wa Kilifi, isipokuwa walio kwenye utafiti mwingine.

Uzito wa jambo hili ulionekana kwenye majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya. Watoto 15,459 waligawanywa kwa umri: wa wiki 6 hadi 12, na wa miezi 5 hadi 17. Matokeo ya mwisho yalipotoka 2015, kati ya waliopangiwa dozi nne, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 36 kwa wakubwa na 26 kwa wadogo. Wangechanganywa wote, tofauti hiyo isingeonekana. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, lilisema ianze kutolewa mtoto akiwa na miezi 5.

Sasa makosa, maana ndiyo yanayoumiza. La kwanza ni tahajia: mmoja kaandika "Dar", mwingine "DSM", wa tatu "Dar es Salaam". Ukichuja kwa neno moja, wengine wote wanapotea, na kompyuta haitakwambia. Kubalianeni orodha ya maneno kabla dodoso la kwanza halijajazwa. Lebo ya umri nayo usiijaze kwa mkono. Andika tarehe ya kuzaliwa, programu ipige hesabu yenyewe, kwani mtoto wa miezi 5 leo si wa miezi 5 mwezi ujao.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni lebo inayokosekana. Ukisema "wote isipokuwa wenye kisukari", atapita pia yule ambaye hakuna aliyemuuliza kama ana kisukari. Kutoulizwa si sawa na kutokuwa nacho, na mtu huyo anaweza kupewa dawa isiyomfaa. Ndiyo maana kila swali la afya linahitaji lebo tatu: "ndiyo", "hapana" na "hajaulizwa".

Tena zipo lebo ambazo si za kila jicho. Hali ya VVU ni mojawapo. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, huziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo lebo hufungwa kwenye namba ya mshiriki, na orodha inayounganisha namba na jina hutunzwa mahali pengine, mikononi mwa wachache.