Je, wajua kwa nini protini moja iliyo safi huacha mistari miwili kwenye jeli, ile ya maabara inayotenganisha protini kwa ukubwa?

Kalmodulini ya binadamu, protini ndogo ya ndani ya seli, ikitengenezwa ndani ya bakteria E. coli ina mazoea ya kuacha mistari miwili: mmoja usawa wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 16 hivi, mwingine karibu na 21. Wengi husema papo hapo kwamba protini imekatika, au bakteria wameacha uchafu wao, na kichupa kinatupwa.

Lakini hesabu inagoma. Protini hii ina asidi-amino 148 na uzito wa kilodaltoni 16.7. Kipande hakiwezi kuwa kizito kuliko kitu kilichokatwa, kwa hiyo mstari wa 21 si kipande. Jeni nazo tuziache: binadamu ana tatu za kalmodulini, CALM1, CALM2 na CALM3, lakini zote hutoa protini ileile, herufi kwa herufi.

Kinachotofautisha mistari ni kalsiamu. Kalmodulini ina vifuko vinne, kila kimoja kinashika ioni moja. Kwa kawaida SDS, sabuni inayotiwa kabla ya jeli, huikunjua protini yoyote ikawa kama mkeka uliotandazwa. Sasa jaribu kupita nao kichochoroni: unakwama kila kona. Ukikunjwa na kufungwa kamba, unapenya. Kalsiamu ndiyo kamba, na kwa kalmodulini kamba hiyo haifunguki yote hata baada ya kuchemshwa na SDS. EGTA, kemikali inayoshika kalsiamu, huinyakua, mkeka unakunjuka, mwendo unapungua. Huenda pia kiasi cha SDS kinachonata kinabadilika. Jeli peke yake haitenganishi sababu hizo mbili.

Kuhakikisha ni rahisi. Chukua maikrogramu 2 mara mbili. Tia kloridi ya kalsiamu milimola 5 upande mmoja, EGTA milimola 5 upande wa pili, kabla ya rangi ya SDS. Chemsha nyuzi 95 kwa dakika 5, pandisha kwenye jeli ya asilimia 15, na uache kisima kitupu katikati kwa sababu vitu hivi husambaa kwenda kwa jirani. Yenye kalsiamu itatangulia. Zisipoachana, soma viambato vya rangi yako: nyingine zina EDTA, ndugu wa EGTA, nayo hula kalsiamu. Mstari wa juu ukibaki hata penye kalsiamu ya kutosha, hapo shuku uchafu kweli.

Mkeka huu usiutoe nje ya jeli, lakini. Majini, bila SDS, kalsiamu hufanya kinyume: huifunua protini, sehemu zinazopenda mafuta zikajitokeza na kunata kwenye safu ya fenili, bomba la kusafishia protini. Huoshwa kutoka humo kwa EGTA. Ndiyo maana kalmodulini iliyotoka kwenye safu punde hukaa yote kwenye 21, na ukiiongezea kalsiamu kidogo haisogei: EGTA iliyobaki inaimaliza yote. Ifanyie dayalisisi kwanza (kuichuja kwa utando ili EGTA itoke), au tia kalsiamu inayozidi EGTA.