Umeitwa ujieleze kwa GPA mbovu? Ya vimbweta yaache hapo hapo

Matokeo yakitoka tu vimbweta vya Mlimani, yale mabenchi ya saruji ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vinajaa washauri, na ushauri mwingine unawaumiza watu kabisa. Mtu kapata barua aende mbele ya kamati ajieleze kwa nini GPA, yaani wastani wa alama zake, imeanguka, anaambiwa eti ukiitwa jua umeshadisko, yaani umeondolewa chuo kwa kufeli, kikao ni geresha tu. Sio kweli. Kama barua inasema njoo ujieleze basi uamuzi bado, na kusikilizwa ni haki yako, Katiba ya Tanzania ya 1977 ibara ya 13(6)(a) inasema chombo kinapoamua haki za mtu lazima apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa imo humo humo. Kwa hiyo nenda, usipotokea wataamua bila neno lako.

Eti ukilia sana wanakuonea huruma. Jamani, wale wanataka kujua nini kilitokea, ushahidi uko wapi, na safari hii utafanya nini tofauti. Ulifiwa? Beba nakala ya cheti cha kifo. Uliumwa? Barua ya hospitali, na hapo kagua tarehe vizuri, maana kama testi ilikuwa Mei na barua inasema ulilazwa Juni, swali la kwanza litatokea hapo. Na anayekwambia cheti cha daktari unatengenezewa tu mjini mkimbie, kughushi ni jinai, utaingia na kesi ya maksi utoke na kesi nyingine kubwa zaidi.

Wengine wanasema mseme mhadhiri aliyekukamia. Kama unaona umesahihishwa vibaya hiyo ni rufaa ya matokeo, ina njia yake na siku zake za mwisho.

Halafu hili la "nitajitahidi" linaponza wengi, kila mtu analisema na halina uzito. Sema kosiweki, zile maksi za testi na kazi za muhula, nilipata 14 kwenye 40, nikaingia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nimeshazidiwa kwa sababu usiku nilikuwa nauza Kariakoo kutafuta ada, sasa biashara nimemwachia ndugu, semina nahudhuria, mhadhiri fulani nimeshaongea naye. Iandike kwenye karatasi moja uwaachie.

Na usijifungie geto peke yako kwa aibu. Barua ikifika leo, kesho asubuhi uwe kwa mshauri wa wanafunzi, muulize kama unaruhusiwa kuingia na mtu, na vielelezo mwisho kupeleka ni lini.