Leseni Yangu Inaishia Mpakani mwa Texas

Mwezi uliopita nilikuwa Columbus, Ohio, kwenye harusi ya binamu yangu. Pilau haijapakuliwa, mzee mmoja kashavua koti na kujilaza kifudifudi kwenye zulia la sebuleni. "Daktari, hebu nipige huu mgongo." Nikamwambia, "Nisamehe mzee wangu, siwezi. Leseni yangu ni ya Texas." Akageuza shingo, akanitazama. "Kwani Ohio si Marekani?"

Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika. Leseni ya kairopraktiki, yaani kazi yangu ya kutibu mgongo na viungo kwa mikono, ya Marekani nzima haipo. Kuna shahada ya D.C., yaani udaktari wa kairopraktiki, na kuna mitihani ya kitaifa ya NBCE, bodi ya mitihani ya taaluma yetu, yenye sehemu nne. Lakini leseni hutolewa na bodi ya jimbo, na kazi unayoruhusiwa kufanya huandikwa na bunge la jimbo. Kansas ilitunga sheria yake mwaka 1913, Louisiana ikawa ya mwisho mwaka 1974, na kila jimbo liliandika kwa mkono wake. Ningemgusa mzee yule mgongo pale sebuleni, ningekuwa natibu bila leseni. Kutolipwa hakubadilishi kosa.

Kinachonikera zaidi ni hoja inayofuata: "Lakini si umesomea?" Hata wenzangu wa taaluma huitumia. Kusomea jambo na kuruhusiwa kulifanya ni vitu viwili tofauti kabisa. Oregon humruhusu kairoprakta kufanya upasuaji mdogo, na hata kuzalisha akiwa na cheti cha ziada. New Mexico, mwenye cheti cha juu anaandika dawa kadhaa kutoka orodha maalumu. Mimi Texas siandiki dawa ya aina yoyote inayohitaji cheti cha daktari, na sikati ngozi.

Sasa tazama sindano. Sheria ya Texas inakataza utaratibu wa kukata, kisha inasema kutoa damu kwa sindano kwa ajili ya vipimo hakuhesabiwi kuwa kukata. Basi damu natoa. Lakini sindano ikiingia kwenye msuli kwa kipimo cha EMG, kinachopima umeme wa misuli, mahakama ya rufaa ya Austin iliamua mwaka 2012 kwamba hiyo imetoka nje ya kazi yetu. Mkono ni uleule, ngozi ni ileile. Mgonjwa akiniuliza kwa nini nampeleka kwingine, namweleza hivyo hivyo, maana hakuna sababu ya kitabibu ninayoweza kumpa.

Neva nazo zilitupeleka mahakamani. Sheria inatupa "uti wa mgongo na mfumo wa misuli na mifupa". Bodi yetu ikaweka kanuni kwamba mfumo huo unahusisha pia neva zake, na kwamba tunaweza kufanya kipimo cha kufuatilia macho kwa mgonjwa mwenye kizunguzungu. Chama cha madaktari cha Texas kikashtaki. Kesi ilivutana karibu miaka kumi, hadi Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo ilipoipa bodi ushindi mwaka 2021. Miaka yote hiyo kubishania kama anayeshughulikia mgongo anaruhusiwa kufikiria neva!

Nitasema na upande wetu. Sheria hiyohiyo inataja subluksesheni, yaani pingili ya mgongo inayodaiwa kukaa vibaya, kana kwamba sote tunakubaliana ni kitu gani. Hatukubaliani. Wapo wenzangu wanaoiona kwenye kila picha ya eksirei. Mimi nimeacha kulitumia neno hilo mbele ya wagonjwa, kwa sababu siwezi kuwaonyesha kwa kidole. Wala siamini kwamba mipaka hii yote ilichorwa kwa ajili ya mgonjwa. Mingine ilichorwa na aliyekuwa na nguvu bungeni siku hiyo. Hata hivyo naifuata, kwa sababu bodi ndiyo mahali pekee ambapo mgonjwa niliyemuumiza anaweza kunishtaki na leseni ikaondoka.

Madereva wa malori, nanyi mnaonipigia kwa video mkiwa mmeegesha Oklahoma: kwa kawaida matibabu huhesabiwa kuwa yamefanyika pale alipo mgonjwa. Rudini Houston tuonane. Uchunguzi wa afya ya madereva unaotakiwa na DOT, wizara ya uchukuzi ya Marekani, naweza kuwafanyia kwa sababu nimo kwenye rejesta ya shirikisho na Texas inaruhusu. Kwingine, ulizeni kwanza.

Mzee wa Columbus nilimwinua nikamuuliza mawili tu: je, sehemu ya kukalia inakufa ganzi? Mkojo unakukatalia? Angejibu ndiyo kwa lolote, ningemkimbiza hospitali usiku uleule, na kwa hilo sihitaji leseni. Akasema hapana. Tukafungua tovuti ya bodi ya Ohio kwenye simu yake, tukatafuta jina la kairoprakta wa mtaani kwake, tukahakikisha leseni yake iko hai. Kisha nikamvalisha koti, tukaenda kula.