Vyungu Vyeusi vya Santa Clara: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Anayekiona kwa mara ya kwanza chungu cheusi cha Santa Clara, kijiji cha Wapueblo (jamii ya Wenyeji wa Marekani) wanaosema Kitewa huko New Mexico, Marekani, aghalabu hudhani kimepakwa rangi nyeusi na vanishi. Dhana hiyo imeenea kuliko zote, na ndiyo inayomnyima mfinyanzi sifa anayostahili zaidi. Udongo uleule, ukichomwa kwa moto unaopata hewa ya kutosha, hutoa chungu chekundu. Ili kiwe cheusi, moto ukishakolea hufunikwa kwa samadi kavu ya farasi iliyopondwa, hewa ikakosa pa kupita, moshi ukabanwa humo na kaboni ikapenya ndani ya udongo. Mng'ao nao hutangulia moto: tope jepesi lililopakwa juu ya chungu husuguliwa kwa jiwe laini la mtoni likingali na unyevu, bila mapumziko, kwani sehemu itakayokauka kabla ya kusuguliwa huacha doa. Mawe hayo hurithiwa, mama akimwachia binti.

Wengine huamini kwamba nakshi hutokana na kalibu. Katika ukoo wa Tafoya, uliopata umaarufu kupitia Sara Fina Tafoya na binti yake Margaret (1904–2001), mitungi mikubwa ya kuhifadhia chakula ilijengwa kwa kupandisha kamba za udongo moja juu ya nyingine, bila gurudumu. Nakshi huchongwa udongo ukiwa umekaza kiasi lakini kisu bado kinapita. Ukiwa mbichi mno kingo hulegea, ukikauka mno humeguka. Hivyo ndivyo anavyochongwa Avanyu, nyoka wa maji mwenye pembe. Wayo wa dubu, ambaye masimulizi yanasema aliwaongoza watu kwenye maji wakati wa ukame, kwa kawaida hauchongwi bali hubonyezwa udongo ukiwa laini.

Si kweli pia kwamba Maria Martinez wa kijiji jirani cha San Ildefonso ndiye aliyevumbua vyungu vyeusi vinavyong'aa. Vilikuwapo zamani, alichobuni yeye na mumewe Julian, mnamo 1919 hivi, ni michoro isiyong'aa juu ya weusi unaong'aa. Kinyume chake, nakshi za kuchonga kwa kina, ambazo wageni huziita za kale, zilishamiri miaka ya 1920 na 1930. Sioni kwamba uchanga huo unazipunguzia hadhi. Wala kazi hii haikuwa ya wanawake peke yao: Alcario, mume wa Margaret, alishiriki kuchonga, na kaka yake Margaret, Camilio, alikuwa mfinyanzi.

Vyungu hivi havifai kuwekewa maji wala maua mabichi, kwa sababu huchomwa kwa joto dogo, hivyo hunyonya maji na mng'ao ukaharibika.

Mwisho ni suala la ununuzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kitu kisichotengenezwa na Wenyeji wa Marekani kana kwamba ni chao, lakini wapo wanaodhani kuwa sheria hiyo inahakikisha chungu kimefinyangwa kwa mkono. Haihakikishi: msanii wa Pueblo anaweza kununua chungu kilichomiminwa kwenye kalibu, akakichora na kukiuza kihalali. Mnunuzi apitishe vidole ndani ya chungu, kwani ukuta uliojengwa kwa kamba za udongo mara nyingi huwa na mawimbi madogo, ilhali wa kalibu huwa sawasawa kila mahali.