Protini ghafi sio protini, jamani

Haipiti wiki sijaulizwa "kati ya alfalfa, lusina na kaliandra ipi ina protini nyingi", yaani hiyo mikunde ya kulishia mifugo, halafu mtu akishapewa namba anakimbia kupanda. Haya, namba hizi hapa: zote zinacheza humo humo kwenye 18 mpaka 25 asilimia kwa uzito mkavu. Kama unachagua kwa kigezo hicho basi fumba macho uchague yoyote.

Maabara haipimi protini. Inapima nitrojeni, inazidisha kwa 6.25, imeisha hiyo. Haijui kama hiyo nitrojeni inameng'enyeka, au imenasa kwenye nyuzinyuzi, au hei (malisho yaliyokaushwa) ilifungwa ikiwa na unyevu ikajipika yenyewe kwenye lundo mpaka ikawa kahawia. Zote zinaandikwa "protini ghafi", na watu wanalisoma hilo neno protini tu, ghafi wanaliruka.

Sasa tuje kwenye tanini, ile kemikali ya mimea inayokausha mdomo, maana hapa ndo panaponichosha. Kaliandra inasoma vizuri kabisa kwenye karatasi, ila imejaa tanini, na tanini inaing'ang'ania protini kiasi kwamba vijidudu vya rumeni (tumbo la kwanza la ng'ombe, mbuzi na kondoo) vinashindwa kuibandua na sehemu kubwa unaikuta kwenye kinyesi. Basi mtu akisikia hivyo anakwenda upande wa pili, tanini ni sumu, ng'oa kaliandra yote! Hapana bana. Tanini ikiwa ya kiasi inaikinga protini isivunjwe yote kwenye rumeni, halafu ikifika tumbo la nne kwenye asidi inaachia na mnyama anaifaidi kwenye utumbo. Tena mikunde yenye tanini haivimbishi tumbo, wakati alfalfa changa na klova mnyama akiingia nazo ana njaa, anaweza kujaa gesi akafa kabla hujavaa viatu.

Kiasi ni kipi? Vitabu vinaandika asilimia 2 mpaka 4 kana kwamba mpaka umepigwa bikoni. Ukifuatilia, sehemu kubwa ya hesabu hiyo imetoka kwa kondoo waliolishwa lotasi, mkunde mwingine wa malisho, na tanini ya lotasi sio tanini ya kaliandra, kemia yake tofauti, na hata kipimo chenyewe kinabadilika kutegemea maabara imetumia tanini ya mti gani kama rula. Mimi hiyo namba naichukulia kama tetesi nzuri tu. Hata suala la kulisha kaliandra mbichi au iliyonyaushwa majaribio yamegongana, mengine yanasema mbichi ni bora, mengine hayaoni tofauti. Nashauri mbichi ila sitapigana na mtu.

Lusina haraka haraka: tatizo lake ni mimosini, sumu iliyomo kwenye majani yake. Wacheuaji wenye bakteria anayeitwa Synergistes jonesii kwenye rumeni wanaimudu, wasio naye isizidi kama theluthi ya chakula. Farasi usimpe, ananyonyoka manyoya.

Halafu muda wa kukata, ambao hakuna anayeniulizaga. Alfalfa ikikatwa ikiwa na vitumba unaweza kupata protini ghafi asilimia 20 na zaidi, ikiachwa ichanue yote inashuka kwenye 15 hivi, mmea ule ule, shamba lile lile! Protini nyingi iko kwenye majani, shina ni nyuzi, na ukiigeuza hei jua kali ikiwa imeshakauka majani yanapukutika yote unabeba vijiti kupeleka ghalani.

Na mnyama anakula nini kingine? Anayeshindia nyasi kavu zenye protini chini ya asilimia 7, vijidudu vyake vina njaa ya nitrojeni, mpe mkunde wowote hapo hata desmodiamu iliyokomaa utaona anaongeza kula zile nyasi. Ila ambaye tayari ana protini ya kutosha na hana nishati, ukimuongezea alfalfa unatengeneza amonia, ini linaigeuza urea, inatoka kwenye mkojo. Huyo anataka wanga.

La mwisho, acheni kulinganisha mbichi na kavu. Kilo 100 za alfalfa mbichi, ukitoa maji unabaki na kilo kama 20, na protini ghafi humo ni kilo 4 tu. Chakula cha mfuko kilichoandikwa asilimia 16 kinapimwa kama kilivyo mfukoni, kilo 25 zake zinakupa hizo hizo 4.