Jambo jipya halienei kwa kutangazwa tu

Ipo imani ya siku nyingi kwamba wazo jipya huenea likishatamkwa na mtu maarufu au redioni. Lakini kusikia na kufuata ni mambo mawili.

Ukifika mwaloni, ufukweni wanakoshusha samaki, pale Kibirizi, Kigoma, watazame kina mama wanaokausha dagaa. Kwamba dagaa wa kwenye chanja, yaani vichaga vya miti na nyavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi, hawana mchanga, nani asiyejua? Ila anayeanika chini ana hesabu zake: miti, nyavu, fundi, vyote pesa. Kinachomsogeza ni kumwona jirani mwenye mtaji kama wake akifunika chanja mvua inapoanza, mzigo ukapona, mchuuzi akalipa vizuri. Akimwona mmoja bado husita. Wakifika watatu wanne, naye anatafuta miti.

Wanasosholojia Bryce Ryan na Neal Gross walilichunguza jambo hili kwa wakulima wa mahindi huko Iowa, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1943. Wengi walisikia kwanza habari za mbegu chotara kutoka kwa wauzaji, lakini waliowashawishi kupanda ni hasa majirani. Hata hapo, walianza na kipande kidogo cha shamba.

Redio ina kazi yake, na ni kubwa: kufikisha habari. Ndiyo maana inaniuma kusikia wanaochelewa wakiitwa wagumu wa kuelewa, ilhali wameshaelewa zamani. Anayetaka chanja zienee, heri aanze na wanawake kadhaa wanaoanika pamoja kwenye mwalo mmoja, kuliko kumpa mmoja mmoja katika kila kijiji.